Tarehe ya Askari wa Mizinga Waliozama na Khedive Ismail

Hii ni tarehe ya watu wa vijijini waliofundishwa kupiga mizinga, wakapakiwa melini Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944, na wengi wao hawakukanyaga nchi kavu tena. Kikosi chao kilikuwa Rejimenti ya 301 ya jeshi la mizinga la Afrika Mashariki. Meli yao ilikuwa Khedive Ismail. Vita vya Burma watu wanavijua. Nairobi hata soko la Burma lipo, na wilaya nyingi zina familia zinazosimulia habari za babu aliyepigana na Mjapani. Meli hii haina soko wala mtaa. Nayo ilimeza, kwa muda wa kama dakika mbili, watu wetu wengi kuliko pigano lolote la msitu wa Burma.

Tuanze na jeshi lenyewe. KAR, yaani King's African Rifles, au Keya kwa kinywa cha watu, liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Uganda, vya Afrika Mashariki ya Kiingereza na vya Nyasaland. Kwa miaka mingi lilikuwa jeshi dogo la miguu: kaptura, tarbushi, bunduki, na wengi wakitembea bila viatu. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwatiisha wenyeji waliokataa kutawaliwa, kama Wanandi mwaka 1905. Kijana aliyejiunga miaka ile alitumwa kuwapiga watu wa hali kama yake, na jambo hilo hulisikii katika hotuba za siku za mashujaa.

Ikaja vita ya 1914, Mwingereza na Mdachi wakigombana juu ya ardhi ya Tanganyika mpaka mkuu wa jeshi la Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, aliposalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Waliokufa wengi hawakuwa na bunduki. Walikuwa wapagazi. Upande wa Mwingereza peke yake waliandikishwa watu wapatao milioni moja, na waliokufa, kwa njaa, kuhara, malaria na kuchoka, hawakupungua 95,000. Majina yao hayakuchongwa popote. Serikali ilisimamisha sanamu tu. Ile ya Dar es Salaam, ambayo leo iko Mtaa wa Samora, ilizinduliwa mwaka 1927. Sanamu moja ikasimama badala ya majina ya maelfu. Msomaji alikumbuke hilo, maana watu wa Khedive Ismail walipata cha zaidi kidogo.

Mwaka 1939 Keya ilikuwa na askari wasiofika 3,000. Vita ilipokwisha, waliopitia majeshi ya Afrika Mashariki walikuwa zaidi ya 300,000, na Tanganyika peke yake ilitoa karibu 87,000. Idadi kama hiyo haipatikani mijini. Ilitoka vijijini, kwa machifu na majumbe.

Habari ilianzia bomani. Bwana DC humwambia chifu kuwa serikali inataka vijana, chifu huwaambia wazee wake, na siku ya baraza vijana hupangwa mstari, daktari akawapima macho, kifua na miguu. Wengine walikwenda kwa hiari, na hiari hiyo ilikuwa na sababu zake. Kodi ilidaiwa kila mwaka, mahari ilitaka ng'ombe, na kazi ya shamba la mzungu ililipa kidogo kuliko jeshi. Wengine walitajwa na chifu kwa sababu walikuwa wabishi, au baba zao hawakuelewana naye. Kwa kazi za vibarua wa jeshi ilikuwapo sheria ya kulazimisha tangu 1940, na kijana mwerevu aliona heri ajiandikishe mwenyewe kwenye kikosi cha silaha kabla hajaburutwa kubeba mawe.

Maofisa walikuwa na orodha yao ya makabila waliyoyaita ya kivita. Wakamba walipendwa, na Wakalenjini, Waacholi, Wahehe na Wangoni vilevile. Mtu wa kabila lisilokuwamo alitiliwa shaka hata akiwa na kifua kama mlango. Lakini vita ya mashine iliivuruga orodha hiyo. Mzinga, simu ya upepo na gari havikuuliza kabila la mtu. Vilitaka anayejua kusoma namba. Basi vijana waliopita darasa mbili tatu za misheni, ambao zamani wangeonekana walaini mno kwa jeshi, wakawa wanatafutwa.

Mzinga wa kawaida wa rejimenti kama ile katika jeshi la Kiingereza ulikuwa ule wa ratili 25, ulioitwa hivyo kwa uzito wa kombora lake, kilo 11 na ushei. Wenyewe ulipita tani moja na nusu, ukikokotwa na gari pamoja na kigari cha risasi. Ulihudumiwa na watu sita, kila mmoja na namba yake. Namba moja ni sajini, mkuu wa mzinga, anayesimama nyuma na kutazama kila mkono. Namba mbili hufungua na kufunga mlango wa nyuma wa mtutu na kulisukuma kombora mpaka lishike. Namba tatu huketi kushoto penye darubini, akizungusha magurudumu mawili madogo, moja la kuinua mtutu na moja la kuupeleka kando, mpaka namba alizopewa zilingane. Namba nne hupakia. Namba tano na sita huandaa risasi: hufunga kichwa cha kulipulia na kuhesabu vifuko vya baruti ndani ya ganda la shaba, maana baruti zikizidi au zikipungua kombora huangukia wenzao.

Jambo la ajabu kwa mtu wa bunduki ni kwamba mpiga mzinga hamwoni adui. Kombora lilikwenda zaidi ya kilomita 12, ng'ambo ya mlima. Ofisa aliyekaa mbele karibu na adui hutazama linapoangukia, kisha hurudisha neno kwa simu: ongeza, punguza, kulia, kushoto. Kijana ambaye miaka miwili nyuma alikuwa akifukuza ndege shambani kwa kombeo sasa alikuwa akipiga hesabu za pembe na umbali, na namba moja ikikosewa watu hufa. Nasema haya kwa kirefu kwa sababu picha tuliyoachiwa ya askari wa Keya ni ya mtu mwenye nguvu na utii tu. Hawa walikuwa mafundi.

Waliishi pamoja kwa Kiswahili. Katika kambi za Afrika Mashariki Mkamba, Mluo, Mganda na Mnyamwezi walipewa posho moja, gwaride moja na lugha moja, na ofisa wa kizungu naye alitakiwa ajifunze. Barua ziliandikwa kwa lugha hiyo, zikapita kwa mkaguzi, zikafika kijijini kusomwa kwa sauti na mwalimu au katekista, kwa hiyo siri za mume na mke zilijulikana na mtaa mzima. Sehemu ya mshahara ilipelekwa nyumbani kwa njia ya boma. Mke au mama alikwenda kwa karani, akaweka dole gumba, akapokea shilingi zake. Kwa familia nyingi serikali ilikuwa ndiyo hiyo meza ya karani.

Kabla ya zamu ya mizinga, askari wa miguu walikuwa wamekwisha kujionyesha. Februari 1941 majeshi ya Jenerali Cunningham, Keya wakiwamo, yalivuka kutoka Kenya, yakaingia Mogadishu tarehe 25, na Aprili 6 yakawa Addis Ababa. Tarehe 19 Mei, mahali paitwapo Colito kusini mwa Uhabeshi, askari wa Tanganyika wa kikosi cha kwanza cha 6 KAR walikabiliana na vifaru vya Wataliano, na sajini wao mmoja, Nigel Leakey, akapewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa. Jina la Colito likapewa kambi ya Dar es Salaam, ambayo siku hizi ni Lugalo. Mwaka 1942 Keya wengine wakapelekwa Bukini kupigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy, vita iliyokwisha Novemba mwaka huohuo. Kisha macho yote yakageukia mashariki. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, ilikwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1943 kujifunza vita vya msituni. Mwaka 1944 ikawa zamu ya Rejimenti ya 301 kuvuka.

Khedive Ismail haikujengwa kwa ajili ya vita. Ilianza maisha mwaka 1922 kama meli ya abiria ya Chile, ikiitwa Aconcagua. Mwaka 1935 ikanunuliwa na kampuni ya Misri na kupewa jina la mtawala wa zamani wa nchi hiyo. Mwaka 1940 Waingereza wakaichukua kubebea askari. Safari hii ilikuwa na watu 1,511. Wa Rejimenti ya 301, maofisa wa kizungu na askari wa Kiafrika, walikuwa 996. Waliobaki walikuwa mabaharia wa meli yenyewe, wanamaji wa Kiingereza, na wanawake zaidi ya 80, wengi wao manesi. Msafara ulikuwa wa meli tano za askari, zikisindikizwa na manowari Hawkins, na karibu na Maldivi manowari mbili ziendazo kasi, Petard na Paladin, zikaja kuongeza ulinzi.

Askari wa kawaida katika meli za namna hii hulala sitaha za chini. Huko kuna joto, na njia ya kutokea ni ngazi chache zinazotumiwa na mamia. Wengi wa watu wetu walizaliwa mbali na bahari. Walishuka na gari moshi kutoka bara mpaka Mombasa, wakaona maji chumvi, wakapandishwa. Mazoezi ya kuvaa maboya yanaweza kumfundisha mtu mahali pa kusimama, kuogelea hayamfundishi.

Jumamosi tarehe 12 Februari, baada ya chakula cha mchana, manesi na abiria wengine walikuwa wamekusanyika ukumbini kusikiliza muziki. Nyambizi ya Kijapani I-27 iliwarushia topido. Mbili ziliipiga meli, moja nyuma ya nyingine, sehemu ya mitambo. Meli ikalala ubavu, ikavunjika, ikazama. Waliokuwa sitaha ya juu walipata nafasi ya kuruka. Waliokuwa chini hawakuwa na pa kwenda, maana dakika mbili hazitoshi hata kwa mtu mmoja kupanda ngazi iliyopinda huku maji yanashuka juu yake, sembuse mamia. Meli nne zilizobaki zilitawanyika kwa amri, kila moja ikikimbia na askari wake.

Yaliyofuata ni magumu kuyaandika. Nyambizi ilijificha kilindini chini ya mahali walipokuwa wakielea walionusurika. Paladin ilishusha mashua kuwaokoa. Petard ilikuwa na kazi ya kuiua nyambizi kabla haijazifuata meli nyingine, na silaha yake ilikuwa mabomu ya kupasukia chini ya maji. Iliyaangusha. Watu waliokuwa wameiponea meli wakauawa na mabomu ya upande wao wenyewe. Nyambizi ikalazimika kuibuka. Paladin ikajaribu kuigonga ikaumia yenyewe, na baada ya mapigano ya zaidi ya saa mbili Petard ikaizamisha kwa topido. Kijeshi uamuzi ule unatetewa, na meli nne zilizojaa watu ni hoja nzito. Lakini askari wa kijijini aliyeinua mkono majini akiiona manowari inamjia hakupewa muda wa kuisikiliza hoja hiyo.

Waliookolewa walikuwa 214: wanaume 208 na wanawake sita. Waliokufa ni 1,297.

Wenzao waliotangulia waliendelea na vita. Kuanzia Agosti 1944 Divisheni ya 11 iliteremka bonde la Kabaw, mpakani mwa India na Burma, katika masika ambayo majeshi mengine yaliona hayapitiki. Malaria na homa ya utitiri wa msituni viliwaangusha wengi, na vidonge vya manjano vya mepakrini vikawa sehemu ya gwaride. Tarehe 2 Desemba waliingia Kalewa, na hapo, juu ya mto Chindwin, likatupwa daraja la vyuma la karibu mita 350, refu kuliko yote ya aina yake wakati ule. Mmoja wa askari wa bonde lile alikuwa Waruhiu Itote wa kikosi cha 36 cha Keya, kikosi cha Tanganyika ingawa yeye ni mzaliwa wa Nyeri, ambaye baadaye Kenya ilimjua kwa jina la Jenerali China. Habari za Burma zilirudi nyumbani na watu wa kuzisimulia, na baadhi yao wakazigeuza siasa. Rejimenti ya 301 haikuwa na wasimuliaji wa kutosha.

Habari ya kifo ilifuata njia ileile ya kuandikishwa. Kutoka makao ya jeshi mpaka boma, kutoka boma mpaka kwa chifu, kutoka kwa chifu mpaka kizingitini. Aliyekufa Kabaw alikuwa na kaburi, hata kama ni la pembeni mwa njia, ambalo baadaye lilihamishwa makaburini rasmi. Aliyekufa na Khedive Ismail hakuwa na kitu. Hapo ndipo msiba wenyewe ulipoanza, kwa sababu mila zetu zinataka maiti. Waislamu wana sala ya ghaibu, wakamsalia ndugu yao asiyekuwapo. Waluo huzika tunda la mti wa yago mahali pa mwili uliopotea, ili boma lisikae na mtu aliyekufa asiyezikwa. Lakini yote hayo yanahitaji kwanza uhakika. Mke aliyeambiwa mumewe hajulikani alipo aanze eda siku gani? Ndugu wa marehemu amrithi lini bila kuonekana mwizi wa mke wa mtu? Wapo wazazi waliotazama njia mpaka wakafa, kwa sababu mtu anayesemwa amezama baharini, mbele ya mzee asiyewahi kuiona bahari, ni kama mtu aliyesafiri tu.

Shilingi za karani nazo zikabadilika, kutoka sehemu ya mshahara kuwa kiinua mgongo cha mfiwa, kisha zikaisha.

Mambo yakazidi kuwa magumu kwa sababu ya nyakati. Kenya ilipoingia hali ya hatari mwaka 1952, nishani ya mfalme ndani ya nyumba ilikuwa hatari kwa upande mmoja na aibu kwa upande wa pili. Wapo wakongwe wa Keya waliozitupa zao, na Novemba 2023 Mfalme Charles wa Tatu aliwakabidhi wazee wanne nishani mbadala katika makaburi ya Kariokor, Nairobi. Baada ya uhuru, kila nchi ilitafuta mashujaa wake, na aliyekufa akimtumikia mfalme wa Uingereza hakuingia kwenye orodha. Nadhani tulikosea hapo. Kumlilia mtu si kuisifu serikali iliyomtuma, na hawa walikuwa raia wa vijiji vyetu kabla hawajawa askari wa mtu yeyote.

Majina yao, tofauti na ya wapagazi wa 1914, yapo. Katika makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong, umejengwa ukuta wa kumbukumbu ya askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi linalojulikana, na watu wa Khedive Ismail wameandikwa hapo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba baada ya vita ya kwanza watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tukilinganisha, Rejimenti ya 301 ilitendewa haki kiasi: mtu alipata mstari wake, cheo na namba yake ya jeshi.

Mstari huo ni mfupi, na karani aliyeuandika hakujua lugha zetu zote. Majina yalikatwa, jina la baba likawa la mtoto, herufi r na l zikabadilishana nafasi. Kwa hiyo ndugu msomaji, kama kwenu kuna babu aliyekwenda Keya akapotea baharini, usitafute jina kama mnavyolitamka nyumbani peke yake. Daftari la Tume liko wazi kwenye intaneti na halina malipo. Tafuta kwa kikosi, East African Artillery, weka tarehe ya kifo 12 Februari 1944, kisha pitia majina moja baada ya jingine mpaka uone linalofanana, ukilinganisha na kipande, barua au karatasi yoyote ya boma iliyobaki sandukuni. Ukilipata, liandike katika daftari la ukoo pamoja na tarehe hiyo, na nakala ya karatasi zenu ipelekeni Nyaraka za Taifa kabla mchwa hawajazimaliza.